Maneno Juu ya Nyumba za Mji Mkongwe, Unguja

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake tukajengewa Kanisa Kuu. Basi si kila jambo la kale lastahili kubakizwa. Lakini nyumba za mawe ni amana. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia. Walakini kuandikwa hakuzibi paa livujalo. Siku ya Noeli, 2020, Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilianguka upande mmoja hali mafundi wamo kazini, na watu wawili wakafa. Matengenezo yalikuwa yamekawia. Chokaa hunywa maji killa masika. Wazee walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi tuanze na paa letu wenyewe.