Baada ya Mizunguko Miwili: Picha ya PET na Tiba ya Limfoma Nairobi



Miaka ya 1960, katika hospitali ambayo leo tunaiita Kenyatta, Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, aliwatibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza kutoka Kampala mwaka 1958. Kwa baadhi yao dozi chache za dawa zilitosha: uso uliovimba ukaanza kurudia umbo lake. Daktari hakuhitaji mashine ya kumwambia kama dawa inafanya kazi.

Limfoma ya Hodgkin, saratani nyingine ya tezi za limfu, haitufanyii hisani hiyo. Mara nyingi hujificha kifuani, katikati ya mapafu. Baada ya dawa, picha ya CT huweza kuonyesha donge lililobaki, nawe usijue kama ni saratani iliyo hai au ni kovu. Zamani jibu lilichelewa hadi tiba ya miezi 6 iishe. Asiyefaidika na dawa alikuwa amepoteza nusu mwaka, na aliyeitikia vyema mapema alikuwa ameendelea kudungwa sumu asiyoihitaji.

Picha ya PET ilibadilisha hesabu hiyo. Mgonjwa hudungwa sukari iliyounganishwa na florini yenye mnururisho. Seli za saratani huila kwa pupa, na mashine huona ilikojikusanya. Florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwekwi akiba. Huhitaji saiklotroni, mashine ya kuitengenezea, iliyo karibu. Hospitali ya Aga Khan pale Parklands wanayo, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta vilevile. Kabla ya mashine hizo kuja, mwenye uwezo alipanda ndege kwenda India. Asiye na uwezo alitibiwa kwa kukisia.

Mwaka 2007 Andrea Gallamini na wenzake walionyesha kwamba picha inayopigwa baada ya mizunguko 2 tu ya kemo hutabiri hatima ya mgonjwa vyema zaidi kuliko alama zote tulizotegemea siku ya kwanza. Mwaka 2009, mjini Deauville, Ufaransa, wataalamu walikubaliana kuisoma kwa ngazi 5, ini likiwa kipimo: kinachong'aa kuliko ini kinatiliwa shaka. Kisha ukaja utafiti wa RATHL, uliochapishwa 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 1,200. Kati ya waliokuwa na picha safi, wengine waliondolewa bleomisini, dawa inayoweza kuyakausha mapafu. Baada ya miaka 3, takriban 85 kati ya kila 100 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, wawe waliendelea nayo au waliiacha. Kwa kijana wa Kawangware anayeishi kwa kubeba mizigo, pafu zima ndilo riziki yake.

Lakini utafiti huo haukufanyika kwetu, na hapa ndipo ninapotaka tutulie. Tezi yenye kifua kikuu nayo hula sukari, ikang'aa kama saratani. Tezi za mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambavyo havijadhibitiwa hung'aa vilevile. Hata baridi ya Julai hutudanganya: mafuta ya kahawia ya shingoni huwaka mwili ukitafuta joto, ndiyo maana nasisitiza mgonjwa afunikwe blanketi kabla ya kudungwa. Ukimhamishia mgonjwa dawa kali zaidi kwa sababu ya mwanga ambao ni kifua kikuu, umemshushia kinga wakati anapoihitaji mno. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: picha safi Nairobi tuiamini, na tuitumie kupunguza dawa; picha inayong'aa tuihoji, na pale sindano inapofika, tuchukue kipande cha tezi kabla ya kubadili tiba.

Tena tusiihamishe kanuni ya Hodgkin kila mahali. Katika limfoma kali za seli B, utafiti wa PETAL wa Ujerumani, uliochapishwa 2018, uliwabadilishia dawa baadhi ya waliokuwa na picha mbaya baada ya mizunguko 2, na hawakufaidika.

Ninachowaomba madaktari wanaotuma wagonjwa ni fomu iliyojazwa kikamilifu: tarehe ya kemo ya mwisho, hali ya virusi, historia ya kifua kikuu, kisukari, sindano za kuongeza chembe nyeupe. Na chini yake, kabla picha haijapigwa, mwandike mtafanya nini ikiwa safi, na mtafanya nini ikiwa inang'aa.