Kipande cha Siku Thelathini



Kamati ya Mkutano imenialika niseme machache. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kuandika hadithi, hasa namna mtu mwenye kazi nyingine anavyoweza kuandika kila siku bila kuahirisha. Nadhani Kamati ilinichagua kwa sababu nimewahi kutoa kitabu kimoja. Lakini leo asubuhi, pale getini, mwenzangu mmoja tuliyelala naye bweni moja alinishika mkono, na kabla hata ya kunijulia hali akaniuliza, "Bwana, yule mwizi ameshuka mnazini?"

Wanafunzi hawalijui jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Mwaka 1973, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa mhariri wa gazeti la ukutani, lile lililobandikwa nje ya bwalo. Nikaanza hadithi ya mwizi wa nazi. Alipanda mnazi usiku, na alipofika juu mwenye shamba akatokea, akatandika mkeka wake pale pale chini ya mnazi, akalala. Mwishoni nikaandika kwa wino mwekundu: "Itaendelea." Haikuendelea. Juma lililofuata kulikuwa na mtihani, na la pili yake kulikuwa na mechi na shule jirani. La tatu nilisema nangoja wazo zuri zaidi. Mwizi yule amekaa juu ya mnazi kwa zaidi ya miaka hamsini. Basi mjue kwamba mnayemsikiliza leo amekuwa bingwa wa kuahirisha tangu ujana wake.

Ningependa niishie kwenye kichekesho hicho, lakini kuna habari nyingine ambayo haichekeshi.

Baba yangu alikuwa manamba. Alitoka Kigoma akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaletwa kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, akaoa huku na kubaki huku. Mwaka 1984 nilikuwa karani wa hesabu mjini Dar es Salaam. Nilipokwenda nyumbani likizo, usiku mmoja Baba alianza kunieleza maisha yake: safari ya treni, kambi, posho ya unga na maharage, mnyapara, miiba ya mkonge, na kelele za korona ambazo anasema aliendelea kuzisikia usingizini. Akanieleza juu ya kipande. Kipande kilikuwa kadi ya kazi. Mtu akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, alitiwa alama moja. Asipomaliza, siku haikuhesabiwa. Zilipotimia alama thelathini, alipeleka kadi ofisini akapata mshahara. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikwisha kadi ilipojaa.

Usiku ule nilimwambia, "Baba, haya nitayaandika kitabu." Akafurahi sana. Niliporudi Dar es Salaam nilinunua kaunta buku, nikaandika jina la kitabu kwa herufi kubwa, nikaandika kurasa mbili. Hapo nikasimama kwa miaka kumi na minne.

Nisingependa mseme nilikuwa mvivu, maana sikuwa mvivu. Ofisini sikuwahi hata mara moja kuchelewa kufunga hesabu za mwezi. Na siku nilizotenga kwa ajili ya kitabu nilifanya kazi nyingi mno! Nilipaka rangi madirisha, nilitengeneza baiskeli ya jirani, nikajibu barua za watu ambao walikwisha kusahau kwamba waliniandikia. Kazi moja tu ndiyo haikufanyika. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba ilikuwa hofu. Kitabu kilichokuwa kichwani mwangu kilikuwa kizuri kabisa, na kila nilipoandika sentensi moja niliona ni mbaya kuliko ile iliyokuwa kichwani. Basi nikaona heri kibaki huko huko ndani, kisiaibike.

Hofu hiyo ina ujanja, vijana. Hujivika nguo za kazi. Mwaka mzima nilisema nafanya utafiti. Niliweza kuwaambia watu kwamba mkonge ulianza kuletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwamba aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, na kwamba iliyobaki hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Habari nzuri, nami naipenda mpaka leo. Lakini nilijua idadi ya miche ya Mjerumani, na juu ya baba yangu sikuwa nimeandika ukurasa wa tatu.

Kila nilipokwenda nyumbani, Baba aliuliza, "Daftari limefika wapi?" Nami nilijibu, "Baba, nangoja likizo ndefu." Baada ya miaka kadhaa akaacha kuuliza. Kuacha kwake kuliniuma kuliko kuuliza.

Alifariki mwaka 1998. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati. Ndani yake, chini kabisa, ndani ya bahasha, kulikuwa na kipande kimoja cha zamani. Nilikihesabu alama zake mara tatu. Zilikuwa 28.

Fikirini jambo hilo. Kipande kilichojaa kilirudi ofisini kwa malipo. Hiki hakikujaa, hakikurudi, kwa hiyo siku 28 za kukata mkonge hazikulipwa. Kwa nini alisimama na zimebaki mbili tu? Aliugua? Aligombana na mnyapara? Alihama shamba usiku? Na kwa nini alikitunza zaidi ya miaka arobaini? Nilimwuliza mama, nikamwuliza rafiki yake wa kambini aliyekuwa bado hai. Hawakujua. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, naye alikuwa akiningoja kwa miaka kumi na minne nije na daftari. Swali lenyewe lingechukua dakika tano.

Niliporudi Dar es Salaam nilikata karatasi ngumu kwa ukubwa wa kipande kile, nikachora vyumba thelathini. Nikajipimia kazi: nusu ukurasa wa kaunta buku, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kituo cha basi. Nikimaliza, natia alama. Nisipomaliza, siku haihesabiwi. Huo ndio ulikuwa mwanzo, Januari 1999.

Msidhani mambo yalikwenda vizuri. Kadi ya kwanza ilichukua siku 71. Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipa madeni. Nikikosa siku moja, nilijiambia kesho nitaandika ukurasa mzima. Nikikosa mbili, ukurasa na nusu. Siku ya tisa nilikuwa nadaiwa kurasa tatu, nikaanza kulikwepa daftari kama mtu anavyomkwepa mwenye duka. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa manamba siku iliyopotea haikulipwa mara mbili kesho yake. Ilipotea tu, na kesho ilipimwa kazi ile ile. Tangu hapo nilipokosa nilikosa, nikaanza tena na nusu ukurasa.

Kosa la pili lilikuwa kusoma nyuma. Kila alfajiri nilisoma niliyoandika jana, nikaona aibu, nikaanza kusahihisha, na saa ya basi ikafika. Nikajiwekea sheria kwamba kusoma nyuma ni kazi ya Jumapili mchana. Kabla ya hapo sentensi mbaya ilale ilipolala.

La tatu nililigundua kwa bahati. Siku moja basi lilikuja mapema nikakatisha sentensi katikati. Kesho yake nilipokaa, kalamu ilikwenda yenyewe, maana nilijua neno lililofuata. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiacha makusudi nikiwa bado na la kusema. Najua wako waandishi wakubwa waliolisema hili kabla yangu. Mimi nilifundishwa na dereva wa basi.

Mtaniuliza kama mtu anaweza kutunga hadithi kwa kupimiwa kazi kama mkata mkonge. Nami niliona haya juu ya jambo hilo mpaka niliposoma habari za Anthony Trollope wa Uingereza. Bwana huyu alikuwa mtumishi wa Posta. Aliamka akawa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake, akajitaka aandike maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi wake mzee paundi tano zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, na mwenyewe anasema anamshukuru mzee huyo kuliko mtu mwingine kwa mafanikio yake. Alitoa riwaya 47. Maelezo hayo aliyaandika katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, na wako wasomaji waliochukizwa kusikia kwamba hadithi walizozipenda zilipimwa kwa saa. Mimi sikuchukizwa. Nilipumua.

Tena tusiende mbali. Shaaban Robert alianza utumishi wa serikali mwaka 1926 katika forodha kule Pangani, akawa mtumishi karibu maisha yake yote ya kazi. Alifariki mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu vile tunavyovisoma darasani havikungoja pensheni. Na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa gerezani Kenya tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya maandishi yake ya kisiasa, alitunga mashairi humo humo akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mimi nilikuwa na meza, kaunta buku jipya na kalamu tatu, nami nilikuwa nangoja likizo ndefu.

Katika zile kurasa mbili za mwaka 1984 kulikuwa na maneno ya Baba niliyoyanakili bila kuyafahamu. Nilimwuliza mtu anawezaje kuingia kila siku katika shamba ambalo mwisho wake hauonekani. Akasema, "Ukitazama shamba lote, hutakata jani hata moja. Wewe unapewa mstari wako, tazama mstari wako." Yalikaa katika daftari langu miaka yote ile, nami ni karani niliyejivunia kusoma kila karatasi iliyopita mezani kwangu.

Kitabu kilichukua kadi ishirini. Zimo kadi zilizokwisha kwa siku arobaini, na imo moja iliyochukua miezi mitano, nilipohamishwa kituo na mtoto wetu akaugua. Nilimaliza Agosti 2002. Mchapishaji wa kwanza alikirudisha na barua fupi. Hatimaye kilichapwa mwaka 2007, na nakala kadhaa bado ziko chini ya kitanda changu. Mwenye haja tuonane. Katika sura ya sita mtu anaacha kazi akiwa na alama 28. Nilijaribu kutunga sababu. Nilitunga nne, kila moja ikajaa nusu ukurasa, na zote nilizifuta, kwa kuwa niliona namsingizia mzee wangu. Sura hiyo inakwenda mpaka mlangoni pa ofisi, inaishia hapo. Wasomaji wawili wameniandikia kulalamika kwamba kuna ukurasa uliopotea. Ni kweli umepotea.

Kwenu wanafunzi nina jambo moja la kazi. Najua ratiba yenu: kengele, mchaka mchaka, usafi, masomo, prepo. Hamna saa nzima ya kutunga hadithi, wala mimi sikuwa nayo. Lakini mnazo dakika kumi na tano kabla ya taa kuzimwa, nazo nusu ukurasa unaingia. Na likizo ikifika, kabla ya simu haijawameza, yuko bibi au babu nyumbani ambaye hajaulizwa. Msimwambie mtaandika kitabu. Mwulizeni swali moja, mwandike jibu usiku ule ule. Nimemwachia mwalimu wa Kiswahili kadi hamsini zenye vyumba thelathini. Atawapa bure, atakayejaza ya kwanza aje apewe ya pili.

Nanyi wenzangu wenye mvi, nimewasikia tangu asubuhi. Wa kwanza anasema ataandika habari za shule hii akistaafu, na mwingine, aliyekwisha kustaafu, anasema ataandika nyumba ikiisha kujengwa. Kadi zenu ziko mezani pale kwenye daftari la wageni. Zimebaki chache.

Ama kuhusu yule mwizi: mwenzangu wa getini nilimwomba angoje mpaka jioni. Majuma mawili yaliyopita, nilipopata barua ya Kamati, nilianza kadi mpya kwa ajili yake, nusu ukurasa kila alfajiri. Mwenye shamba bado amelala juu ya mkeka. Mwizi ameshuka zaidi ya nusu ya mnazi na ameangusha kidaka kimoja. Leo alfajiri, katika chumba cha wageni cha shule hii, nilimwacha mguu mmoja ukiwa umegusa ardhi, na wa pili bado uko juu.