Namba ya Usalama katika Sikio la Kuinulia Mzigo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kibondo)



Huenda mtu akauliza: makarani wana haja gani na habari za mafundi wa chuma? Jawabu ni jepesi. Jenereta, pampu na matangi yaletwayo Kibondo hupokelewa na karani wa stoo, naye ndiye atiaye sahihi. Yafaa basi ajue maana ya namba anazozisoma.

Kila sikio la chuma lifungwalo kamba ya kuinulia mzigo lina namba mbili: uzito utakaolivunja, na uzito linaloruhusiwa kuchukua. Likiwa lavunjika kwa tani 10, na fundi amechagua kugawanya kwa 5, basi ruhusa ni tani 2. Hiyo 5 ndiyo tuiitayo namba ya usalama.

Mbona asiruhusu tani 9? Kwa sababu yako mambo asiyoweza kuyajua yote.

La kwanza ni uzito wenyewe. Katika mkoa wetu wa Kigoma iko meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina Graf von Goetzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi karibu na mlango wa Malagarasi, mto uleule upitao katika nyanda zetu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina Liemba. Basi fikirini: kitu kilicholala chini ya ziwa hakina tena uzito ulioandikwa na waundaji. Maji na mchanga hukijaza, na tope hukishika kama mkono wa mtu. Hata tangi la hapa stoo, likibaki na maji ndani, si lile la kwenye karatasi.

La pili ni pembe ya kamba. Jenereta ya tani 2 ikiinuliwa kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila moja huchukua tani 1. Kamba zikilala hata pembe yake na usawa wa ardhi iwe digrii 30, kila moja huvutwa kwa tani 2 kamili, na sikio huvutwa kwa ubavu, ambako nguvu yake ni haba. Tena msihesabu kamba nne kuwa nne: mzigo mgumu usiopinda waweza kulalia mbili tu.

La tatu ni mshtuko. Mzigo uachiliwao ghafula juu ya kamba, hata usipoanguka, waweza kuvuta mara mbili ya uzito wake. La nne ni kutu, ufa, na uchomeleaji mbaya usioonekana kwa macho.

Kwa hiyo namba huchaguliwa kwa kupima ujinga wetu, si nguvu ya chuma peke yake. Kanuni ya mashine iliyotungwa Ulaya mwaka 2006 ilitaja, kwa kawaida, 4 kwa mnyororo, 5 kwa kamba ya waya, na 7 kwa mkanda wa kitambaa, ambao hukatwa na kingo kali na kuharibiwa na jua. Mtu akiwa ndiye ainuliwaye, namba huongezwa zaidi. Na sikio lenyewe lisiwe dhaifu kuliko kamba ilishikayo.

Ndugu zetu, hatari iliyo kubwa ni maneno haya: "Chuma hiki chavunjika kwa tani 10, tia 4 tu, hakuna neno." Asemaye hivyo ni kama karani atumiaye fedha ya serikali kwa sababu ameiona sandukuni. Fedha ipo, lakini si yake. Zile tani 8 zilizobaki zimekwisha kuwekwa amana kwa pembe, mshtuko na kutu, na mwenye amana ni yule kibarua asimamaye karibu na mzigo.

Basi tukiombwa sahihi, tuulize mambo matatu: uzito ni huu kweli? Kamba zitakaa kwa pembe gani? Sikio lilikaguliwa lini? Pasipo jawabu, kalamu na ingoje. Tahadhari kabla ya hatari.