Bilauri ya Maji na Vitunguu Saumu



Jioni ya leo napenda kuzungumza nanyi habari za sanaa ya kuchora vitu vya kila siku: chungu, kisu, matunda na samaki mezani. Labda mtu atauliza: Yafaa nini kuchora chungu, na hali chungu chenyewe kipo jikoni? Swali hilo si geni. Chuo cha Kifalme cha Uchoraji, kilichoanzishwa Paris mwaka 1648, kiliwapanga wachoraji kwa daraja. Waliochora habari za dini na mashujaa wa kale waliwekwa mbele. Waliochora vitu visivyo na uhai, nyuma ya wote.

Basi mwaka 1728 Jean Siméon Chardin, mwana wa seremala wa mji huo, alipeleka picha zake chuoni. Katika moja alichora samaki taa aliyepasuliwa na kutundikwa kwenye kulabu, na paka akikanyaga chaza. Hapakuwa na mfalme wala malaika. Walimu walimkubali, ila kwa cheo cha mchoraji wa wanyama na matunda. Picha hiyo hata leo imo katika jumba la Louvre.

Je, aliona nini katika vitu hivyo? Aliona mwanga. Yapata mwaka 1760 alichora bilauri ya maji, buli la kahawa la udongo, na vitunguu saumu vitatu. Maji hayana rangi, lakini yashika mwanga; buli lina giza, na kwa giza lake weupe wa vitunguu wazidi kung'aa. Hapana kitu kionekanacho peke yake. Kila kimoja hukisaidia kingine.

Atakaye kujaribu na aweke bilauri na kitunguu karibu na dirisha moja, afunge mengine. Asishike kalamu upesi. Atazame kwanza kivuli kinapoanzia, na rangi iliyomo ndani yake, kwani kivuli si weusi mtupu.

Mwaka 1757 mfalme alimpa Chardin makao katika Louvre. Mashujaa wengi waliochorwa na wale wa daraja la kwanza hawatazamwi tena. Bilauri yake yatazamwa bado. Daraja ya kazi haitoki katika ukubwa wa kitu kichorwacho, bali katika uaminifu wa jicho likitazamalo.