Chakula cha Mgonjwa ni Sehemu ya Dawa Yake

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi wa Kisii na Nyamira



Mtu apitaye katika vilima vya Kisii na Nyamira huona migomba, mahindi na mboga kila upande, akadhani kwamba njaa haina makao hapa. Lakini mgonjwa aweza kudhoofika kwa njaa huku sahani imejaa kando ya kitanda chake. Jambo hili si geni. Mwaka 1859 Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, aliandika kwamba maelfu ya wagonjwa huteswa na njaa kila mwaka penye chakula tele, kwa kuwa hakuna aangaliaye namna ya kuwalisha. Basi shikeni neno moja: kazi ya muuguzi haimaliziki sahani iwekwapo mezani, bali ajuapo mgonjwa amekula nini, na kiasi gani.

Kwanza tukumbuke kazi za vyakula. Ugali wa mahindi au wa wimbi, ndizi na viazi vitamu hutia nguvu. Maharagwe, mayai, maziwa, nyama na omena hujenga mwili na kusaidia vidonda kupona. Mboga na matunda huulinda mwili. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na ya protini vivyo hivyo. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kwa hiyo kijiko cha mafuta katika uji wa mgonjwa asiyeweza kula kingi ni msaada mkubwa. Wala msidharau mboga za wenyeji. Mgagani, ambao Abagusii huuita chinsaga na huwapa akina mama waliojifungua, una madini ya chuma na vitamini. Ila ukichemshwa mno, vitamini C hupotea.

Sasa tutazame mtoto aliyedhoofu. Mtoto alishwaye ndizi au uji mtupu kila siku aweza kushiba tumbo, na mwili wake ukabaki na njaa. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, naye hukataa kula. Dakta Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933 alipokuwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na mwaka 1935 akautaja kwa jina la wenyeji, kwashiorkor. Leo yajulikana kwamba ukosefu wa protini si sababu yake pekee.

Mtoto huyo afikapo wodini, huruma hutaka ashibishwe siku ile ile. Hiyo ni hatari, kwa maana moyo na ini vimedhoofika, na chumvi za mwili zimepotea kipimo. Haba na haba hujaza kibaba. Hupewa kwanza maziwa maalumu ya F-75, yenye kalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo, kila saa 2 au 3, mchana na usiku. Hali yake ikitulia, hupandishwa pole pole hadi F-100. Muuguzi akisinzia na kuruka mlo wa usiku wa manane, sukari ya damu yaweza kushuka, na mtoto akafa kabla ya mapambazuko.

Kwa mgonjwa mzima, fanyeni hivi. Naweni mikono. Mketisheni wima, na abaki hivyo kwa nusu saa baada ya kula. Mpeni kijiko kidogo, mngoje ameze ndipo mmpe kingine. Asiye na fahamu asilishwe kwa kinywa kamwe. Ni daktari aamuaye kama atalishwa kwa mpira. Mwenye kisukari au maradhi ya figo afuate chakula alichoandikiwa. Mwulizeni mgonjwa apenda nini, kwa kuwa chakula kisicholiwa hakimponyi mtu.

Wala msiwasahau akina mama. Huko Mulago, Uganda, kituo cha Mwanamugimu kilianzishwa mwaka 1965, na mama alifundishwa kupika chakula bora kwa vyakula vya shambani mwake, ili mtoto asirudi hospitali na ugonjwa ule ule.

Dawa huandikwa saa iliyotolewa. Chakula nacho kiandikwe: kilicholiwa, na kilichobaki. Sahani irudiyo imejaa ni habari ya mgonjwa. Msiipeleke jikoni kabla ya kuisoma.