Sahani Yako na Uzito Wako

Leo tunazungumzia chakula na uzito wa mwili.

Nishati inayozidi matumizi ya mwili huhifadhiwa kama mafuta, kidogo kidogo, hadi nguo zinabana. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4; gramu moja ya mafuta hutoa 9. Ndiyo maana, kwa uzito uleule, chipsi zina kalori zaidi ya mara mbili ya viazi vya kuchemsha: zimenyonya mafuta karaini.

Tuje kwenye vinywaji. Soda ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai, na wala haishibishi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, ni bora zaidi.

Sasa ufanyeje? Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Robo ugali, wali au ndizi. Robo iliyobaki maharage, dagaa au samaki. Chagua dona badala ya sembe, kwani nyuzinyuzi zake hukushibisha kwa muda mrefu. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu.

Uzito ukipungua au kuongezeka ghafla bila sababu, nenda kituo cha afya. Na kwenye mlo wako unaofuata, ndugu msikilizaji, acha soda, kunywa maji.