Profesa wa ng'ambo akirudi kwake, nani anabakia na kazi?

Hotuba iliyotolewa mu mukutano mukubwa wa wanamemba, Kalemie

 

Komite iliniomba niseme juu ya wasomi wetu walio Ulaya na Amerika, na namna wanaweza kusaidia masomo ya juu hapa kwetu. Mimi si profesa. Kazi yangu ni ya vijijini: visima, vyoo, kufundisha watu kunawa mikono. Diploma yangu ni lisansi ya zamani, ile ya miaka mitano, niliyopata Lubumbashi. Lakini jambo hili linanigusa, na linagusa feza ya shirika ambayo tutaipigia kura leo nyuma ya chakula.

Wengi wenu munakumbuka kambi za Kala na Mwange, kule Zambia. Mwalimu wangu wa hesabu mu kambi alikuwa mukimbizi kama sisi. Alisimama mu mustari wa unga pamoja na mama yangu. Asubui anafundisha, na magaribi tunamukuta ku bomba la maji, anauliza: "Ile kazi ya nyumba umemaliza?" Ukidanganya, anakuomba umuletee daftari pale pale. Mwaka 2009 nilipanda bato ku Mpulungu kurudi Moba, na sikuwa na kitu mu begi, lakini hesabu nilikuwa nayo. Muzee huyo mumuweke mu mawazo, nitarudi kwake.

Shida ya masomo ya juu iko wapi? Nieleze kwa wasioijua. Zamani mutu alisoma graduati miaka mitatu, lisansi miaka miwili, kisha akabakia asistanti na kungojea doktora, wengine paka mvi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ilileta mupango mupya, ule tunaita LMD: lisansi miaka mitatu, masta miaka miwili, doktora miaka mitatu. Ku karatasi ni muzuri, juu diploma yetu inafanana na ya inchi zingine. Lakini masta inahitaji walimu wenye doktora, na hao hawatoshi. Mu miji mikubwa wako. Mu miji kama wetu tunawahesabu ku vidole. Njo munaona profesa anafika na ndege, anafundisha kozi ya miezi mu juma mbili, asubui paka jioni, anatoa mutihani, anaenda. Simulaumu, anangojewa mu miji mingine. Lakini mwanafunzi akikwama mwezi unaofuata, atamuuliza nani?

Upungufu huu ni wa zamani. Iniversite ya kwanza, Lovanium, ilifunguliwa 1954, ile ya Lubumbashi ikafuata kidogo nyuma yake. Tulipopata uhuru 1960, wenye diploma ya iniversite mu inchi yote hii kubwa hawakufika makumi tatu. Mwaka 1971 serikali iliunganisha iniversite zote kuwa moja, UNAZA. Mwaka 1981 zikatengana tena: Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi. Wakati huo feza yetu ilikuwa inaanguka, mushahara wa mwalimu hautoshi hata kwa unga, na wengi wakaondoka. Valentin-Yves Mudimbe alifundisha Lubumbashi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kwenda Amerika, na akafundisha huko paka uzee wake. Ernest Wamba dia Wamba alifundisha historia Dar es Salaam. Walifanya kazi kubwa na majina yao yanatupa heshima. Lakini wanafunzi waliokaa mbele yao kila siku walikuwa wa inchi zingine.

Wako pia waliorudi. Profesa Jean-Jacques Muyembe alipata doktora yake Leuven, Ubelgiji, akarudi. Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipozuka Yambuku, alikuwa hapa, akaenda kupima damu ya wagonjwa. Ule ugonjwa njo Ebola. Tangu hapo amelea watafiti wa Kongo kwa miaka mingi. Wagonjwa wa Ebola leo wanapata dawa moja iliyotokana na damu ya Mukongomani aliyepona Kikwit mwaka 1995, na timu yake ilikuwa mu kazi hiyo. Hayo hayafanywi kwa kozi ya juma mbili.

Hatuwezi kuomba kila mutu arudi kabisa. Sisi tuliorudi tunajua kurudi kunaomba nini. Kwa hiyo kulikuwa na mipango ya katikati. Tangu 2001, OIM na feza ya Ubelgiji walikuwa na mupango wa MIDA kwa Kongo, Burundi na Rwanda: profesa ao daktari anayeishi Ulaya anakuja kufundisha kwa muda, bila kupoteza kazi yake kule. Kutoka Amerika, mupango wa Carnegie wa kutuma wasomi wa Afrika walio kule ulianza 2013 na inchi sita: Ghana, Kenya, Naijeria, Afrika ya Kusini, Tanzania, Uganda. Kongo haikuwamo. Tukingojea mulango ufunguliwe na wengine, tutazeeka nje.

Sasa niwaambie nililoona kwa macho yangu. Mu kazi yetu ya maji kuna dada mumoja, mutoto wa familia iliyorudi kutoka Tanzania. Munajua kipindupindu hakitoki hapa ziwani. Yeye alitaka kufanya masta juu ya jambo hilo: maji gani, mwezi gani, mutaa gani. Mu shule moja walimwandika, wakapokea feza yake, lakini miaka miwili alikosa mwenye kumuongoza. Kisha tulimupata profesa mumoja wa kwetu anayefundisha Ulaya. Alikubali kusoma kazi yake bila malipo. Alikuja juma tatu na mashini ndogo ya kupimia maji, akafundisha dada huyo na maasistanti wawili. Tulipika, tulicheza, tulipiga picha.

Miezi mine kisha, dawa za kupimia ziliisha. Umeme ulikatika, na maji yaliyokuwa mu frigo yakaharibika. Profesa aliandika: "Nitumie matokeo." Dada hakuwa na matokeo, wala megabaiti za kumujibu. Aliona haya, akanyamaza. Profesa akafikiri ameacha masomo. Mimi nilikuwa karibu, na sikuuliza kitu. Tulimupokea profesa vizuri, lakini alipoondoka hakuna kati yetu aliyejua kazi inabakia ku mikono ya nani.

Sasa wameanza kuongea tena. Amebakiza mwaka mumoja, akipata vifaa.

Kwa hiyo nina neno juu ya kura ya leo. Komite inapendekeza feza yote ya masomo itumwe kwa kijana mumoja aende masta Ulaya. Wazee wangu, kwa heshima yote, mimi sikubali. Feza hiyo moja inaweza kushikilia watatu ao wane hapa. Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, kila mwanafunzi wa masta ao doktora tunayemusaidia awe na waongozi wawili: mumoja wa ng'ambo, mumoja wa hapa. Wa hapa tumulipe kitu, hata kidogo, juu yeye njo atafungua mulango saa ya usiku.

Pili, feza yetu ilipe vitu ambavyo hakuna anayepigwa picha navyo: dawa za kupimia, sola, megabaiti za kila mwezi. Marafiki wa mbali, ninajua ripoti inapendeza ikiwa na nyumba mupya. Mutusamehe, mara hii mutapata risiti za betri.

Tatu, mwanafunzi akienda ng'ambo, aende miezi mitatu ao sita kufanya kazi ambayo mashini zake hapa hatuna, arudi kutetea kitabu chake hapa, mbele ya watu wanaokunywa yale maji.

Na wanamemba wawili wachaguliwe leo, kazi yao iwe kupitia kwa hao wanafunzi kila mwezi na kuuliza swali la yule muzee wa ku bomba: umemaliza? Kama sivyo, nini imekukwamisha? Mimi ninajitoa kuwa wa kwanza. Tunatafuta wa pili.